Simu Iwe Hewani

Miaka kumi na moja nilipanga chakula cha abiria wa ndege kwenye trei: wali huku, kuku kule, keki pembeni. Corona ilipoingia, msimamizi alitutoa wengi, akasema tukasubiri nyumbani, abiria wakirudi tutaitwa. Tuhakikishe tu simu ziko hewani. Nikarudi Korogwe, kwa dada yangu pale Masuguru, na simu yangu ikawa hewani usiku na mchana. Mjinga mimi.

Mama yuko Handeni, shamba, ambako mtandao hakuna. Mwaka wa pili wa kusubiri alinikatia ekari mbili, akaomba majirani waje kunilimia. Kwetu kazi hiyo haina malipo: mwenye shamba anapika, na ndiye anayepiga jembe la kwanza. Wiki hiyohiyo msimamizi akaniandikia kwamba safari zimeanza kuongezeka, nisiende mbali. Sikwenda Handeni. Niliogopa simu isije ikanikosa.

Majirani kumi na tisa walifika asubuhi, wakakaa kunisubiri hadi jua likawa kali, kisha wakarudi makwao na majembe safi. Mama alinisimulia alipokuja kliniki Korogwe. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko matusi. Na simu yenyewe haikuita.

Nikaanza kuuza wali Segera, pale mabasi yanaposimama. Juzi juzi mteja mmoja aliyekuwa akienda Arusha kwa basi, begi lake bado lina karatasi ya uwanja wa ndege, alilalamika kwamba ndege aliyokuja nayo ilijaa hadi kiti cha mwisho. Niliweka upawa chini, nikampigia msimamizi palepale.

"Bado, mama," alinijibu kwa upole. "Abiria wanarudi polepole. Endelea kusubiri."

Nyuma yake trei zilikuwa zinagongana, nyingi, na watu wanaharakishana. Sauti hiyo siwezi kuisahau. Jiko lilikuwa linawaka, ila kwa mikono ya wengine, na huyu bwana ananibembeleza kama mtoto. Nilimkatia simu. Nilimchukia, nikajichukia na mimi niliyemwamini.

Nikaenda Handeni, simu nikaiacha kwa dada. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba radhi, nikataja siku. Siku ilipofika niliamka mapema nikapika, nikatangulia shambani na jembe, nikapiga la kwanza kwa hasira zangu zote.

Walikuja wanne. Nilikuwa nimepika wali wa watu kumi na tisa.