Mfua Jezi wa Uwanja wa Zamani

Mikono ya mfua jezi ilikuwa imekunjamana hata siku asizofua, na kila akisimama aliipangusa kwenye gauni kana kwamba inachuruzika maji. Katika uwanja wa zamani alifulia kwenye beseni nyuma ya goli, akiwagombeza wachezaji kwa sauti iliyofika barabarani: "Geuzeni jezi kabla ya kunipa, ndani iwe nje! Mimi si mama yenu!" Nao wakamwita Mama hivyo hivyo. Sasa klabu imehamia uwanja mpya, wenye paa linalong'aa, na kazi ya kufua kapewa wifi yake, anayejua kuendesha mashine. Mfua jezi alipokwenda kumtembelea huko kazini, alipitisha kidole juu ya kila mashine akitafuta vumbi, asilipate.

"Wifi, hawa vijana wana adabu!" wifi yake akasema. "Kila jezi inakuja imeshageuzwa."

"Kumbe," akajibu, macho kwenye chupa ya sabuni. "Na hii sabuni gani, inanukia kama bibi harusi?"

Mlango ukafunguliwa. Nahodha wa timu akaingia na jezi mkononi, imegeuzwa. "Mama, samahani, nimechelewa."

Mfua jezi akanyoosha mikono yote miwili. Kijana akampita, akampa wifi, ndipo alipogeuka na kumwona. "Aa! Shikamoo! Umekuja kututembelea?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutembea tu," akasema, na ile mikono, mikavu kabisa, akaipangusa kwenye gauni.