Mkalimani Asiyeongeza Neno

Mkalimani wetu wa mtaa wa Toongabbie, huku ughaibuni, amefariki. Korona imemchukua hospitalini Westmead, nasi tuliomtegemea tangu lokdauni ianze tumepata habari kwenye simu, kila mtu amejifungia kwake. Nimechoka kuandika taarifa za namna hii, wasomaji wangu, na leo sina hata nguvu ya kujifanya mtulivu.

Kazi yake ilikuwa kuzitafsiri amri za serikali kwa Kiswahili, na mwiko wake ni mmoja: haongezi neno, hapunguzi neno. Sheria ikiwa na utata, alituletea utata huo mzima mzima. Mwenzake kazini, mfasiri wa Kilatvia, alimwambia kwamba hata sheria za kwao zina sentensi ambazo mawakili wawili huzisoma wakatoka na majibu mawili. Walicheka sana. Nami niliposimuliwa nilicheka, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu mama mmoja Mkongomani wa mtaa wa Minto alifiwa na mwanawe. Kwao mfiwa haachwi peke yake: viti hutolewa, magodoro hutandikwa sebuleni, wanawake wakalala naye hapo. Amri iliruhusu mtu kutoka nyumbani "kumhudumia mwenye uhitaji". Mama akampigia mkalimani simu.

"Papa, niambie tu, watu wanaweza kuya kwangu ao hapana?"

Akamsomea sentensi ile.

"Na mwenye kufiwa, iko na uhitaji?"

"Mama, haijasema. Siwezi kuongeza."

Faini ya kuivunja amri ilikuwa imeandikwa waziwazi, kwa hiyo wanawake wakaogopa, wakabaki majumbani. Mama alitandika magodoro yote akalala peke yake. Nilimkasirikia sana mkalimani. "Nikisema ndiyo, mtu akakamatwa," alinijibu taratibu, "nani ataniamini tena?"

Jana nilimpigia mjane wake, Mtanzania mwenzangu. Alikuwa ametandika mikeka, yuko peke yake.

"Shemeji, wewe mtu wa magazeti. Nani anaruhusiwa kuja?"

Nikaisoma tena amri, kwa Kiswahili kilekile cha marehemu. Haikusema. Nikababaika, na moyo uliniuma kwamba aliyekuwa akiulizwa hayuko. Kisha nikasikia kwenye simu mlango wake ukigongwa.

"Ni mama wa Minto," shemeji akasema. "Amekuja na barakoa na mto wake wa kulalia."

Nimejifunza kwamba sheria isipotamka, woga hutujibia, na jibu lake huwa ni hapana. Mama yule alikuwa ameshalala peke yake na jibu hilo. Safari hii hakumpigia mtu simu kuuliza.