Mtamba wa Wasichana wa Bweyeye

Niliondoka nyumbani kwa sababu moja: nilitaka kumwona mwanamke anayelishwa na miguu yake. Shule mimi niliionja tu. Nyumba yangu ya Kamembe imejengwa na ng'ombe niliowauza, na jambo la kusikia tu siliamini. Nikaambiwa Solange, binti wa jirani yangu wa zamani kule Mururu, analipwa ng'ambo kwa kucheza mpira, yuko likizo, na atachezea timu ya wasichana wa Bweyeye. Nikasema nitampeleka mwenyewe. Siku hiyo wanaume nao wangecheza, na fahali wa zawadi yao nilikuwa nimemtoa mimi, kwa hiyo gari langu la mizigo lilikuwa linakwenda huko.

Asubuhi, Kamembe. Fahali alipanda kamioneti kwa ugomvi, Solange akakaa mbele nami. Magoti yake yana makovu kama ya fundi wa vigae.

"Haya ni ya nini?"

"Ya kazi, Papa. Kule ng'ambo, banaume ba timu yetu balikuwa banapanda ndege, siye tunapanda bisi usiku muzima, asubuhi tunacheza. Tukakataa kuvaa jezi."

"Wakawafukuza?"

"Batupate wapi bengine? Ndege tulipata. Mushahara tungali tunapigania."

Bugarama, joto. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga walimtambua.

"Solange! Utaolewa lini?"

"Siku mutachoka kuniuliza!"

Baada ya hapo barabara ikawa matope, msitu ukatusogelea. Nilimuuliza kila kitu: nani anampikia, kama mpira wao una nguvu kama wa wanaume. "Simama golini, Mzee," akanijibu, "utajua."

Mchana, Bweyeye. Wasichana wa timu walikuwa wametembea kutoka kwao tangu alfajiri, viatu vimening'inia shingoni. Papa Innocent, mwenyeji wetu na msimamizi wa mechi, alituonyesha zawadi: fahali kwa wanaume, ndoo na sabuni kwa wasichana.

"Sichezi," akasema Solange. "Hii sabuni tuoshe nini? Miguu ya banaume?"

Watu wakacheka. Innocent hakucheka. "Maman, ndiyo desturi yetu. Basichana batapeleka ngombe wapi?"

Diane, kapteni wao, akasogea. "Fahali hatutaki. Banaume batamuchinja leo, kesho iko mifupa. Tunataka mutamba. Akizaa, ndama wa kwanza aende kwa mwenzetu, naye vilevile, mpaka kila mumoja ako na ngombe."

Nilimtazama yule mtoto. Maisha yangu yote ya biashara, hakuna timu ya wanaume iliyowahi kufikiri hivyo. Na mtamba ni ghali kuliko fahali. Pale uwanjani nilikuwa najua hilo kuliko wote.

Innocent akanigeukia. "Mzee, unasema nini?"

"Nasema mlete jirani mwenye mtamba."

Nikamlipa, tukamfunga mtamba kando ya fahali. Vijana wa timu ya wanaume wakaanza kelele: "Mbona yao ni muzuri kuliko yetu?"

"Munaona vile inauma?" akasema Solange, akafunga kamba za viatu.

Wasichana wa Bweyeye waliishinda timu ya wageni, mtamba akawa wao. Goli lilikuwa la Diane, si la Solange.

Jioni tulirudi kamioneti tupu. Nilikwenda nikidhani mpira wa wanawake unahitaji huruma. Hauhitaji. Unahitaji mtu atoe anachodaiwa, aache kuita sabuni zawadi. Wasichana tuliwaacha uwanjani wakigombana, kila mmoja akitaka mtamba alale kwao.