Fimbo za Darasa la Kipaimara

Wiki iliyopita nilikwenda Kanazi, kijijini kwetu. Dada yangu alinipokea na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama bibi yetu alivyopokea wageni, na punje ya kwanza tu ikanirudisha kwenye darasa letu la kipaimara.

Jumamosi zile, we acha tu! Nyumba nzima ilinukia moshi na ndizi zilizofunikwa kwa majani. Tulichota maji, tukafagia uwanja, ndipo tukaruhusiwa kukimbilia kanisani. Mwinjilisti wetu alikuwa mtu mwema, ila kuchelewa hakukuvumilia.

Siku moja maji yalinimwagikia mlimani, ikabidi nirudi kisimani. Nilipofika, somo lilikuwa msalaba, na mwinjilisti akaona mfano umejileta wenyewe. Akanisimamisha mbele. Mungu ni hakimu wa haki, akasema, kosa lazima liadhibiwe, lakini mwingine aweza kuibeba adhabu. Nani atachapwa badala yake? Dada yangu akaja mbele, akanyoosha mikono.

Wenzangu walisema somo limeeleweka. Mimi nilimchukia mwenye fimbo, na kwa kuwa alisimama mahali pa Mungu, nikaanza kumwogopa Mungu Baba kuliko Shetani. Nikamwambia bibi sirudi tena, hata kama wenzangu wote wataisogelea meza ya Bwana wakaniacha nje.

Bibi hakunifokea. Alimpaka dada samli viganjani huku akinisimulia babu alivyofunga omukago, udugu wa damu, na rafiki yake wa ukoo mwingine. Kila mmoja alipaka damu yake kwenye punje ya kahawa, mwenzake akaila, na tangu hapo shida ya huyu ikawa ya yule.

“Damu ile hawakumpelekea mtu mwenye hasira,” alisema. “Walipeana wenyewe.”

Nilirudi darasani, lakini hofu sikuiacha nyumbani.

Leo nafundisha theolojia. Nawaeleza wanafunzi kwamba Wakristo wa kwanza wengi waliuona msalaba kama fidia ya kutukomboa kutoka kwa Shetani, na ushindi juu yake. Karne nyingi baadaye, katika Ulaya ya mabwana na watwana, mtawa mmoja akafundisha kuwa heshima ya Mungu ilivunjwa, ikabidi irudishwe. Mwingine akaona msalaba ni upendo unaotulainisha mioyo. Wanamatengenezo wa Kiprotestanti ndio walioipeleka habari hii mahakamani hasa, na huko ndiko mwinjilisti wetu alikoitoa. Wakiniuliza mimi naamini ipi, huwa nakohoa kidogo na kutazama saa.

Kanisa lile dogo limebomolewa, likajengwa kubwa. Mibuni ya bibi imekatwa. Omukago hakuna anayeufunga tena; watu wanaogopa magonjwa, na makanisa hayakuupenda tangu zamani. Tumebaki mimi na dada, na kikapu.

Basi nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumuuliza: siku ile, kwa nini alikubali kuchapwa?

Aliendelea kumenya ndizi. “Waitu, mdogo wangu, fimbo wala sikuziwaza. Nilikuona umesimama kule mbele peke yako, nikakufuata.”

Nililia mbele yake kama mtoto, kahawa ikiwa bado mdomoni. Na Baba niliyemwogopa miaka yote hiyo, siku hiyo sikumwogopa.