Sauti ya Kulimia

Albamu yetu ya kwanza mama aliisikiliza dakika mbili, kisha akaita kina mama wa kanisa waje kuniombea. Waliniwekea mikono kichwani mpaka chai ikapoa. Sikuwalaumu. Death metal ni magitaa yaliyolegezwa nyuzi hadi yananguruma, ngoma za kukimbizana, na mtu kama mimi anayetoa sauti kutoka chini ya kitovu. Asiyezoea atadhani kuna mtu anachinjwa.

Lakini wazungu fulani mtandaoni waliisifu, na hizo sifa ndizo zilizotuponza. Tukajiambia kwamba ya pili itatufikisha mahali.

Tulikuwa watatu. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo Kitale. Mpiga gitaa ni mwalimu. Mpiga ngoma anachomelea milango ya vyuma Bungoma, na chumba chake nyuma ya msikiti ndicho kilichokuwa studio, kuta zote trei za mayai. Adhana ikianza tunazima kila kitu. Yeye anaenda kuswali, sisi tunajinyoosha sakafuni. Nilikosa kanisa kila Jumapili kwa sababu ya chumba kile, na mama aliziona Jumapili hizo zote.

Baba alifariki tukiwa katikati ya kurekodi. Niliporudi kwenye maiki baada ya mazishi, ile sauti ya kuiga wazungu ilikuwa imeniisha. Iliyotoka ilikuwa ya baba. Alikuwa na namna yake ya kuwaita maksai asubuhi waje kwenye nira: mngurumo mrefu wa tumboni, bila kiboko. Utoto wangu wote nilitembea mbele ya ng'ombe wale nikiwaongoza, na mngurumo huo niliujua kuliko sala. Nikautia katika kila wimbo. Nilitaka mtu mmoja tu ausikie, naye ni mama. Sikujua nitamwambiaje.

Albamu tuliizindua Kanduyi, kwenye ukumbi wa kukodi. Vipaza sauti vilikuwa vya mzee aliyezoea kuhudumia matanga. Nilipoanza tu kunguruma, alipanda jukwaani mbio akazima mitambo.

"Pole bosi, hii maiki imekufa. Ngoja nikuletee ingine."

Watu kumi na wanne waliokuja walicheka mpaka machozi. Nilicheka nao, ila moyoni niliona aibu. Siku chache baadaye wale wa mtandaoni wakaandika kwamba tumelegea, kwamba sasa naimba kama mkulima. Nilisoma hayo dukani, mteja akisubiri dawa ya kupe. Nikawapigia wenzangu nikawaambia nimechoka. Hakuna aliyebisha. Nadhani kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aseme.

Jumapili iliyofuata mama alitoka kanisani akanikuta nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba.

"Ati leo hauendi Bungoma?"

"Nimeacha, mama."

Nilidhani atamshukuru Mungu. Badala yake aliketi kando yangu, akavua viatu, akavitazama.

"Si uweke hiyo ya pili basi. Wimbo moja tu. Nisikie yenye ilikukataza kanisa mwaka mzima."

Nikachomeka memori kadi kwenye redio ya baba, nikapandisha sauti kidogo. Mngurumo ukatoka. Mama akashika ukingo wa benchi.

Kule kando ya ghala alikuwa amelala maksai wa mwisho wa baba, mzee, ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumuuza. Aliinua kichwa. Akajiinua kwa tabu, miguu ya nyuma kwanza, akakokota kwato mpaka pale nira ilipokuwa ikiwekwa. Hapakuwa na nira. Akainamisha shingo, akangoja.

"Zima," mama alisema, analia. "Zima, mwanangu. Usimsumbue. Anafikiria mwenyewe amerudi."

Nilizima. Tukaenda wote wawili kumrudisha, na alikataa kuondoka.