Aliuzunguka Mlima Kenya kwa baiskeli kukwepa macho ya mkwewe

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu wa Julai bado umelalia mashamba ya chai ya Tetu, na Wamucii anasukuma baiskeli yake kumaliza kilima cha mwisho. Mitungi miwili ya maziwa imefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu. Akifika juu anapangusa kamasi kwa kiganja, anapanda, na kuanza kuteremka kuelekea mjini Nyeri.

Kando ya barabara, waendesha bodaboda wanaota moto wa makaratasi. Mmoja anapiga mluzi.

"Mama Baiskeli! Leo umefunga sketi vizuri?"

Wenzake wanaangua kicheko. Wamucii anainamisha kichwa na kukanyaga pedali kwa nguvu zaidi, ingawa mteremko ule haumhitaji mtu kukanyaga.

"Hao ndio wa kwanza. Wengine watanipata hapo kwa daraja nikirudi," anasema baadaye, akishusha mitungi nyuma ya hoteli ya Nadhira, mteja wake wa miaka mingi. "Maneno masikio yamezoea. Roho ndio imekataa."

Ana miaka arobaini na minane. Kazi hii ilikuwa ya mumewe, Mburu, hadi alipoanguka kutoka kwenye mti aliokuwa akipogoa na kuvunjika nyonga. Ng'ombe hawangoji mtu apone. Wiki hiyohiyo Wamucii aliichukua baiskeli ya mumewe, akajifunza kuiendesha kwenye uwanja wa shule watoto walipokwenda nyumbani, na tangu siku hiyo hajaiacha. Hubeba lita arobaini kila asubuhi, na katika kila lita hubakiwa na shilingi kumi tu.

Vilima vya Tetu vilimpa miguu ambayo hakujua kwamba ni mali. Mwaka jana wanabaiskeli waliokuja kufanya mazoezi walishangaa kupitwa na mwanamke aliyebeba maziwa. Walimfuata hadi kwa Nadhira, wakamweleza habari za mashindano ya kuuzunguka Mlima Kenya: kilomita mia nne na zaidi, nyingi zikiwa barabara za vumbi na mawe. Ungeanza Jumamosi alfajiri, na ungetakiwa uwe umerudi Nyeri kabla ya Jumapili jioni.

Nadhira ndiye aliyemsukuma. Lakini Wamucii mwenyewe alikuwa na sababu yake, na anaieleza kwa haya, kama msichana.

"Huo mlima nimeuona kutoka kwa mlango yangu tangu niolewe. Upande moja tu. Nilitaka kuona huko nyuma iko aje."

Waandalizi walimpa kofia ya kichwani na kaptura ya wanabaiskeli, ile inayobana mapaja na yenye mto wa kukalia. Alipoijaribu chumbani, aliivua haraka. Yeye ni mama wa kanisa, kiongozi wa kikundi cha akina mama. Nadhira alimsihi aivae hivyohivyo, la sivyo angechubuka vibaya. Wakaafikiana: kaptura ndani, sketi ndefu juu.

"Nilimwambia, 'Mama Wachuka, sketi ni hatari,'" anasema Nadhira akikoroga chai. "Akaniambia, 'Wewe pia ungevaa hivyo mbele ya wakwe?' Nikamwacha avae. Maana kweli, nisingevaa."

Wakwe ndio waliokuwa shida. Njia ya mashindano ilipita Gakindu, na Gakindu ndiko alikoolewa Wachuka, binti yake wa pekee. Mumewe, Kingori, ni mkulima wa kahawa, kijana mpole asiyemtazama mama mkwe wake usoni hata anapompokea kwa chai. Ndivyo heshima ilivyo huku. Mama mkwe na mkwewe hupendana kwa mbali.

Asubuhi ya mashindano, Februari mwaka huu, Wamucii alifika Gakindu akiwa miongoni mwa wanawake watano wa mbele. Kutoka juu ya mteremko aliwaona. Jamaa nzima ya Kingori ilikuwa imejipanga kando ya barabara, wazee kwa vijana, wakiwa na uji na matawi mabichi. Wachuka, mjamzito wa miezi saba, alikuwa akipunga kitambaa. Kingori alisimama nyuma ya baba yake.

Wamucii akaachia breki kidogo ili apite kwa madaha.

"Ndio makosa yangu hiyo. Nilitaka kuonekana."

Upepo ukaisukuma sketi, cheni ikalidaka pindo. Kabla hajajua kinachomvuta, sketi yote ilikuwa imenyofolewa kiunoni na gurudumu la nyuma limekwama. Alianguka kifudifudi kwenye vumbi, kwenye miguu ya wakwe zake, akiwa na kaptura ile nyeusi ya kubana na mto wake umemkaa nyuma kama kitoto kilichobebwa vibaya.

Kicheko kikaanzia mahali fulani katikati ya vijana, kikaenea.

"Nilisikia kila mtu akicheka peke yake," anasema. "Ni kama naweza kuwahesabu. Nikaangalia Wachuka. Alikuwa amefunika mdomo na kile kitambaa. Sijui alikuwa analia ama alikuwa anacheka. Mpaka leo sijamuuliza."

Kingori aligeuka akawapa wote mgongo. Akavua koti lake na, bila kutazama nyuma, akarudi kinyumenyume hatua baada ya hatua, mkono umenyooka nyuma, hadi koti likamgusa Wamucii begani.

"Chukua, mama," alisema.

Wamucii alilifunga kiunoni. Hakusema asante. Hakugusa uji. Alikata pindo lililosongwa kwenye cheni kwa meno yake, akapanda, akaondoka huku damu ikimchuruzika gotini.

Alifika Kutus akiwa ameamua kuacha. Farid, kijana wa kujitolea aliyekuwa kwenye kituo cha mapumziko, anakumbuka mwanamke aliyekataa kukaa kitini, akasimama ameegemea ukuta, koti la kiume kiunoni.

"Aliniambia, 'Mimi nimetosheka, nipatie gari ya kurudi,'" anasema Farid. "Nikamwambia gari ipo. Akauliza inapitia wapi. Nikamwambia inarudi na njia ile mlikuja nayo, Gakindu, ikichukua wale wamechoka. Akaniangalia. Akachukua ndizi mbili, akaenda."

Watu wa gari walikuwa wameshaambiwa wamngoje. Wakamwona akipinda kuelekea Embu.

Huo ndio ukweli wa safari ambayo baadaye ilisifiwa redioni na kanisani. Mbele yake kulikuwa na Embu, Chuka, Meru na baridi ya Timau. Nyuma yake kulikuwa na Gakindu. Aliona nyuma ya mlima aliyoitamani miaka yote, lakini hakuiona vizuri, kwa sababu muda mwingi alikuwa akilia. Kwenye makorongo ya Chuka alisukuma baiskeli akitembea. Kule Timau vidole viligoma kushika breki, akateremka akiburuta mguu chini hadi soli ya kiatu ikatoboka.

Aliingia Nyeri Jumapili alasiri, wa tatu kati ya wanawake. Watu walimbeba juu. Alipokuwa huko juu mabegani mwao, alilishika koti kwa mikono yote miwili lisifunguke, ndiyo maana kwenye picha zote hakupunga mkono.

"Mchungaji alisema kwa mahubiri ati niko na moyo ya simba. Nilikuwa nimeketi hapo mbele nikitamani ardhi ipasuke. Sikuwa na moyo yoyote. Nilikuwa nakimbia. Mtu anakusifu kwa kitu hujafanya, hiyo ni aibu ya pili, na hii huwezi funga na koti."

Wakati huo, video ya kuanguka kwake ilikuwa tayari imesambaa simuni. Aliyeipiga alikuwa mmoja wa vijana wa Gakindu.

Mburu alilirudisha koti, limefuliwa na kupigwa pasi. Wamucii hakwenda. Na mwisho wa Aprili, Wachuka alipojifungua, hakwenda pia. Alituma ndizi, viazi na maziwa, akasingizia goti.

Mtoto ni msichana, wa pili wa Kingori. Wa kwanza alipewa jina la mama yake Kingori. Huyu, kwa desturi, ni wa upande wa mkewe. Anaitwa Wamucii.

"Kuna mtu anaitwa jina langu, na hajui sura yangu," anasema, na kwa muda mrefu anashughulika na mfuniko wa mtungi ambao umeshafungika.

Mwezi Juni alijaribu kwenda kumwona. Alivaa nguo yake nzuri, akapanda gari hadi sokoni Gakindu. Vijana wawili waliokaa nje ya kibanda cha kinyozi walimtazama, mmoja akanong'ona kitu. Huenda hakikuwa juu yake. Aliingia dukani, akanunua sukari, akarudi Tetu na sukari yake.

Kisha wiki iliyopita Mburu alitoka Gakindu na habari. Anaikumbuka jioni hiyo vizuri, kwa sababu mkewe aliacha chapati ikaungua.

"Nilimwambia, Mama Wachuka, huyo kijana ana aibu kuliko wewe," anasema Mburu, mkongojo wake mapajani. "Anasema waliokucheka ni watu wake, na video ni ya binamu yake. Alivunja simu ya huyo binamu, wakakosana mpaka leo. Hajakanyaga hapa kwa sababu anaona huwezi kumsamehe. Wewe unamficha uso, na yeye anakuficha uso. Mtoto anakua."

Wamucii hakulala vizuri usiku huo. Miezi mitano alikuwa amedhani aibu yote ni yake peke yake.

Nadhira amemshonea suruali pana na kanzu fupi inayofika magotini, na Februari ijayo anataka ajiandikishe tena. Wamucii anasema hajui. Suruali anaivaa kazini, hiyo tu. Mambo ya mashindano atayafikiria baadaye, kwa sababu kwanza kuna Jumapili hii: amempigia Wachuka simu na kumwambia anakuja. Wachuka akauliza kama ni kweli.

Kingori atakuwepo?

"Atakuwepo. Nimesema awepo."

Na atamwambia nini?

Jikoni kwa Nadhira mtu anamwita aje achukue mitungi yake mitupu, naye anainuka, anajipangusa mikono.

"Sitasema kitu. Yeye pia asiseme. Anipatie tu mtoto. Nikishamshika, nitakuwa na mahali pa kuangalia."