Inchi Hamsini na Tano Mlangoni Kwangu

Aibu ipo, sikatai, na kwa kuwa hapa Matogoro kila mtu anaisimulia anavyotaka (wengine wanasema eti padre alitolewa kwa kukata nondo za dirisha, uongo mtupu), nimeona bora niisimulie mwenyewe, mwenye sanduku, mwenye mlango na mwenye kichwa kigumu, ili mkicheka angalau mcheke kitu kilichotokea kweli.

Mimi, kwa asiyenijua, nilikuwa mwalimu wa hesabu mpaka nilipostaafu. Shule yetu ilipopata kompyuta ya kwanza, mlikuwa na mchezo wa pinboli ndani yake, ule wa kigololi cha chuma kinachorushwa juu kikagonga huku na huku, na wewe chini una vibao viwili vya kukirudisha kisidumbukie shimoni, basi mimi nilikuwa nabaki ofisini jioni wenzangu wakidhani natunga mitihani. Nilipostaafu watu waliniuliza nitafuga kuku au nguruwe. Nikasema nitaunda meza ya pinboli. Mume wangu Kolumbani, mtu wa maneno machache, aliniangalia, akarudi kwenye redio yake.

Siyo meza ya chuma kama za zamani, ni ya kioo. Unachukua tivii bapa, unailaza ndani ya sanduku la mbao lenye miguu, kioo kikiangalia juu, huo ndio uwanja wa kigololi. Kwa nyuma unasimamisha kisanduku chenye kioo kidogo cha kuonyesha alama. Kompyuta inakaa tumboni. Na ubavuni, kulia na kushoto, unaweka vitufe vya kupigia vile vibao. Yote nilijifunza kwenye simu, nikiwa na miwani yangu na uvumilivu wa mtu aliyefundisha aljebra kidato cha pili.

Ugomvi ulikuwa kwenye ukubwa wa kioo. Shemeji yangu Titus, mdogo wake Kolumbani, ni seremala, na ndiye aliyenipa mbao za msindano, akakaa sebuleni kwangu, akanishauri nichukue inchi arobaini na tatu, sanduku litakuwa jepesi na litapita popote. Mimi nikataka hamsini na tano. Macho yangu si ya juzi, na kigololi kwenye kioo kidogo ni kama punje ya ulezi, utakifukuza mpaka upate kizunguzungu. Angeishia kwenye uzito ningemsikiliza, lakini aliongeza, mbele ya wanajumuiya waliokuwa wamebaki baada ya sala, kwamba wanawake wakiingia dukani wanapenda kikubwa. Hapo nikachukua kalamu. Inchi za tivii zinapimwa kutoka pembe mpaka pembe, kwa hiyo nikapiga hesabu ya pembetatu pale pale, nikapata upana wa kioo inchi ishirini na saba. Uwazi wa mlango wangu ni thelathini. Nikamwambia Titus zinabaki tatu, akitaka apite nazo yeye. Wanajumuiya wakacheka, na mimi nikashiba sifa.

(Mwenye akili ameshaona. Kioo ni ishirini na saba, lakini kioo hakitembei uchi. Kina ukingo wake, kina mbao nene kushoto na kulia, na vile vitufe vinachomoza ubavuni. Mimi nilipima kioo, sikupima sanduku.)

Nikaliunda pale pale sebuleni. Nilitia gundi, nikakaza skrubu, vichwa vya skrubu nikavifukia kwa unga wa mbao na gundi, nikapiga rangi ya zambarau, likawa zuri kiasi kwamba Kolumbani alianza kulia chakula chake karibu nalo. Padre msaidizi, kijana mwenye furaha, akasikia habari, akaomba tulipeleke ukumbini vijana walichezee siku ya somo, yaani mtakatifu msimamizi wa kigango. Nikakubali haraka kabla hajamaliza kuomba.

Siku ya kulihamisha ilikuwa Jumamosi. Kolumbani alikuwa amekwenda shambani Namtumbo, na funguo za geti la nondo la mlango wa uani zilikuwa mfukoni mwake, jambo ambalo sikulijali kwa sababu mlango wa mbele nilikuwa nao. Padre akapita kunywa chai kabla ya kwenda kufungisha ndoa ya Skolastika, binti wa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Akaona mashine, akaomba ajaribu kidogo, akanogewa. Kenta ya kubebea ikafika mapema, na Titus akiwa na vijana wake wa karakana. Ningeweza kusema subirini padre atoke kwanza. Nikasema bebeni, padre atatoka nyuma yake.

Lilipofika mlangoni likagoma. Titus akatazama mlango, akanitazama mimi. Nikaamuru walilaze ubavu. Likaingia kama nusu, miguu ikatangulia nje, kisha kile kisanduku cha nyuma kikajibana kwenye fremu, vijana wakasukuma, nikawaambia ongezeni nguvu, wakaongeza, likakaza. Halikwenda mbele, halikurudi. Nje wako Titus na vijana wake. Ndani niko mimi na mtumishi wa Mungu mwenye kanzu nyeupe, madirisha yote yana nondo, na geti la uani limefungwa kwa funguo zilizoko Namtumbo.

Kulifungua sanduku vipande vipande haiwezekani, kila kiungo nilikuwa nimekigandisha kwa mkono wangu. Nikampigia Kolumbani. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kwenye friji kuna chakula. Nikamwambia kipo. Akasema basi hamtakufa, na yeye anatafuta usafiri.

Padre alivumilia. Baadaye akaanza kutembea, dirishani, mezani, dirishani, maana kanisani watu walishakaa. Mara nikasikia matarumbeta. Msafara wa bibi harusi ulikuwa unatoka nyumbani kwao, na habari kwamba padre amefungiwa kwa Mwalimu zilikuwa zimewafikia, basi badala ya kwenda kanisani wakageuza wakaja kwangu, magari, pikapu ya bendi, mashangazi waliovaa sare, wote mbele ya nyumba yangu, na bendi haikuona sababu ya kunyamaza. Skolastika akateremka na shela lake, akalishika lisiguse vumbi, akainama kwenye kauwazi kalikobaki kati ya sanduku na fremu.

"Shikamoo Mwalimu," akasema. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Marahaba mwanangu," nikajibu, kana kwamba tumekutana sokoni. Padre akaitikia milele amina.

Na yule mpiga tarumbeta kubwa, niliyemfundisha kidato cha tatu na ambaye hakuwahi kupata hesabu hata moja ya eneo, akashusha chombo chake akauliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, ulipima?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Wote pale nje wakacheka, mashangazi wakishikana mabega. Nilijificha nyuma ya pazia, nakiri, kwa muda mfupi. Kisha nikamtazama Skolastika amesimama na maua yake, jasho limeanza kuharibu poda, hacheki, machozi yanamlengalenga, nikaona hapa hapana nafasi ya kuona haya. Nikarudi mlangoni.

Titus alikuwa ameshaleta msumeno. Akaniuliza akate wapi, na nikaona anaangalia kile kisanduku cha nyuma.

"Kata mlango," nikamwambia.

"Shemeji, hii fremu ni mninga. Niliipasua na kuiranda mwenyewe, mwaka mliohamia."

"Naijua. Kata mlango."

"Kaka atasema nini?"

"Atasema na mimi. Wewe kata."

Akakata, uso umemvimba, kisha wakatia mtaimbo, fremu ikang'oka na plasta na tofali za juu kiasi, vumbi likamwangukia padre mpaka nyusi zikawa za mzee. Sanduku likatoka zima. Padre akatoka nyuma yake, akarukia gari la bibi harusi, bendi ikashika wimbo, nami nikajifunga kitenge kizuri nikawafuata, nyumba nimeiacha wazi, vijana wa Titus wanailinda.

Kanisani padre aliomba radhi kwa kuchelewa, akasema sababu ni mashine ya Mwalimu, na kanisa zima likageuka. Nikakaa wima. Nilitazama mbele kama niliyetajwa kwa wema.

Kolumbani alifika jioni, akasimama mahali palipokuwa na mlango, akavua viatu kama kawaida yake, akaingia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama tivii imepona. Nikamwambia imepona. Akasema afadhali, na usiku ule alilala sebuleni na panga.

Siku ya somo, foleni ya kucheza ilitoka nje ya ukumbi. Wazee wenye miwani walikuwa mbele kuliko vijana, na wote walikiona kigololi bila kukunja macho. Titus alipanga foleni kama watu wengine. Alicheza, akapoteza, akarudi nyuma ya foleni, akacheza tena. Alipomaliza akanisogelea, akasema kwa chini kwamba anafikiria kuunda ya kwake pale karakana, nimsaidie upande wa kompyuta. Nikamuuliza ya inchi ngapi. Akakohoa, akatazama pembeni. "Kama hiyo," akasema.

Basi mnaonicheka, chekeni, fundisho nimelipata na nawagawia bure: pima kitu chote, siyo kile unachokipenda tu ndani yake. Na nimeapa, sitaunda tena kitu chochote chini ya dari, nitaunda uani, jua liwe linaniwakia na mvua inione. Lakini atakayekuja kuniambia ningechukua arobaini na tatu, aje amejiandaa, maana siku hizi kwangu mlango ni mpana na kumtoa mtu ni rahisi sana.